MLEVI AKIFUNGIWA MLANGO: ARUA HADI KOBOKO

Mji wa Arua, ulioko kaskazini-magharibi mwa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, una jina ambalo wenyeji husimulia kuwa limetokana na jela. Katika lugha ya Kilugbara, "aru" ni gereza, na Arua ni ndani ya gereza. Waingereza walifungua boma hapo mwaka 1914, chini ya Mkuu wa Wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, baada ya nchi hiyo kupita kwanza katika mikono ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha serikali ya Sudan. Yaelekea watu hawakuvutiwa sana na ofisi wala bendera. Walichokikumbuka ni nyumba ya kufungia watu, na jina likabaki hadi leo.

Sasa Arua ni jiji, hadhi iliyopewa tarehe 1 Julai 2020. Msafiri atokaye Kampala hukata karibu kilomita 500, huvuka Mto Nile pale Pakwach, na hatimaye huuona mlima wa Arua na miti ya msitu wa Barifa. Kuna hospitali ya rufaa, kuna kanisa kuu la Kikatoliki huko Ediofe, kuna soko kubwa jipya, na kuna mtaa wa Oli wenye misikiti, ambako Kinubi husemwa sambamba na Kilugbara, Kiswahili na Lingala. Jioni ikiingia, moshi wa nyama choma hupanda, muziki wa Kongo hufunguliwa kwa sauti ya juu, na viti vya plastiki hutolewa nje ya baa. Nyuma ya baa hizo, katika nyua ambazo hazina kibao wala taa ya rangi, watu wengi zaidi huketi kwenye magogo na mabenchi wakinywa kwete.

Ni katika nyua hizo, wala si katika baa peke yake, ambamo hujulikana yule mtu ambaye kila mtaa unaye. Akiwa na akili zake ni fundi hodari au mkulima mzuri. Akishalewa hupiga. Jumamosi huvunja chupa na kumjeruhi mwenzake, Jumapili hulala kituo cha polisi, baada ya siku chache husimama mbele ya hakimu, na baada ya miezi kadhaa hutoka gerezani na kurudi kwenye benchi lile lile. Mkewe ndiye anayejua hesabu yake vizuri. Faini imelipwa kwa mbuzi, msimu wa kupalilia umepita bila mwanamume shambani, na mtoto wa darasa la sita amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mtu huyo akirudia kosa, hesabu huanza upya.

Kwa hiyo haishangazi kwamba wako wanaosema afungiwe milango. Jela haijamtengeneza, faini imewaumiza watoto, basi na apigwe marufuku kukanyaga mahali popote panapouzwa pombe kwa leseni. Wazo hilo linavutia kwa sababu ni rahisi kueleweka na halina gharama ya kumlisha mfungwa. Aidha, linaonekana kumpa adhabu mwenye kosa mwenyewe badala ya nyumba yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Uingereza ililijaribu kwa sheria ya mwaka 1902, iliyowakataza walevi sugu waliokwisha kuhukumiwa wasinunue kileo kwa muda wa miaka mitatu. Katika mji wa Birmingham polisi walichapa orodha yenye picha za watu zaidi ya 80, wanaume kwa wanawake, pamoja na maelezo ya kazi zao, makovu yao na majina yao ya utani, wakawagawia wenye baa. Shida ilikuwa kwamba mwenye baa aliyejaa wateja usiku hakuwa na nafasi ya kulinganisha nyuso na karatasi, na aliyekataliwa mtaa huu alikwenda mtaa wa pili. Mwaka 1980 nchi hiyo ilitunga sheria nyingine, iliyowapa mahakimu uwezo wa kumzuia mtu aliyefanya ukatili ndani ya baa asiingie humo kwa muda wa miezi mitatu hadi miaka miwili. Ikaja ya tatu mwaka 2006, yenye amri pana zaidi na nafasi ya mkosaji kupunguziwa muda akihudhuria mafunzo. Amri hizo zilianza kutolewa mwaka 2009, na sheria ya mwaka 2014 ikaziondoa na kuweka amri za namna nyingine. Taifa lenye baa zenye milango, leseni na vitabu vya hesabu limebadili sheria yake mara kadhaa juu ya jambo hili moja.

Huko Arua ile shida ya picha haipo. Mama mwenye kwete anamjua kila mteja, anamjua baba yake, na anajua ni pima ya ngapi inayombadilisha sauti. Shida iko kwenye leseni.

Uganda inayo Sheria ya Vileo iliyoanza mwaka 1960, inayodai kibali kwa muuzaji, na inayo Sheria ya Enguli ya mwaka 1965, iliyotaka kila mtengenezaji wa pombe ya kukenekwa awe na leseni na auze mali yake kwa kiwanda ili isafishwe na kutiwa katika chupa. Juu ya karatasi mpango huo ni mzuri. Vijijini mvuke wa enguli uliendelea kupita kwenye mirija ya shaba kando ya mito, kama ulivyokuwa kabla. Sehemu kubwa ya kinachonywewa nchini humo haipiti mahali penye leseni. Basi amri ya kumfungia mtu baa zenye leseni humzuia kuingia mahali ambapo, kwa sababu ya bei, huenda alikuwa akiingia siku ya mshahara tu.

Kwete inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana ndiyo moyo wa habari hii. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha donge hilo hukaangwa juu ya bati au sufuria pana hadi libadilike rangi na kutoa harufu ya mkate. Huchanganywa na maji na kimea cha ulezi kilichooteshwa, kikakaushwa na kusagwa, ikaachwa tena siku moja au mbili, ikachujwa. Hutoka kinywaji kizito cha rangi ya udongo, chenye ukali wa uchachu, ambacho mtu aliyetoka kulima hukihesabu kuwa chakula. Machicha hupewa kuku na nguruwe. Hakuna kinachopotea.

Walugbara huita pombe "ewa", na Wakakwa wa Koboko huiita "yawa", na kwa wote haikuwa kitu cha starehe tu. John Middleton, mtaalamu aliyeishi na Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliandika jinsi pombe ilivyotumika katika matambiko ya mizimu na katika kupatanisha ndugu waliogombana. Waliokosana walikunywa pamoja mbele ya wazee. Hapa ndipo fikra ya kumfungia mtu pombe inapogusa jambo zito kuliko kinywaji chenyewe. Kumkataza mtu kuketi kwenye chungu cha kwete ni karibu sawa na kumtoa katika kikao cha ukoo, na mtu aliyetolewa kikaoni hana wa kumwonya.

Upande wa pili, kwete ni shamba la akina mama. Mjane, au mke ambaye mumewe hatoi kitu, akiwa na gunia la mahindi na kuni za kutosha, anaweza kupata karo ya muhula. Ndiyo sababu mlinzi wa kweli wa mlango hapa si polisi. Ni mwanamke huyo mwenye kata mkononi. Akitaka, yeye ndiye anayeweza kupitisha amri ya marufuku bila kwenda mahakamani:

"Shemeji, leo hapana. Nenda nyumbani, mama watoto anakungoja."

"Shemeji, nipimie kimoja tu."

"Kimoja chako nakijua."

Maneno kama hayo hufaa pale anayeambiwa ana haya usoni. Lakini huyo shemeji ni ndugu ya mume wa muuzaji, huenda ndiye aliyemsaidia kuezeka nyumba, na shilingi zake ni nzuri kama za mwingine. Mara nyingi msumbufu ndiye mnywaji mkubwa, na mnywaji mkubwa ndiye mteja mkubwa. Akimkataa, jirani wa pili atampimia. Mtunga sheria anayeketi Kampala akimtaka mama huyu awe askari asiye na mshahara, yafaa ajue anamtaka apoteze kiasi gani.

Juu ya enguli yatosha kusema machache. Hutengenezwa kwa mihogo, ambayo West Nile inayo kwa wingi, au kwa molasi. Inasemekana ufundi wa kukeneka ulienezwa na askari wa Kinubi waliotoka Sudan katika karne ya 19, na si ajabu kwamba hata Kibera, Nairobi, jina la Wanubi limefungamana na kinywaji hicho. Wasomaji wa Tanzania wanamfahamu ndugu yake kwa jina la gongo, na wa Kenya kwa jina la chang'aa. Enguli hulewesha haraka na ugomvi wake ni mbaya kuliko wa kwete. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kilicho na lebo ni salama. Mwezi Agosti 2022, watu zaidi ya kumi walikufa katika Arua na wilaya jirani ya Madi-Okollo baada ya kunywa pombe kali iliyouzwa katika chupa zenye jina na chapa, kama mali nyingine ya dukani.

Barabara ya kwenda Koboko ni sehemu ya lami ya kilomita 92 inayoanza Vurra, kwenye mpaka wa Kongo kusini mwa Arua, na kuishia Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Hupanda na kushuka katika vilima vya wilaya ya Maracha, kati ya mashamba ya mihogo, maharage na tumbaku, na nyumba zilizokaribiana sana, kwani nchi hii ina watu wengi. Zamani vijana wa hapa walikwenda kwa maelfu kukata miwa Kakira na Lugazi. Siku hizi huendesha bodaboda. Kando ya barabara madumu ya manjano yamepangwa, mengine yana maji, mengine mafuta ya magendo, na mengine kwete, na anayetaka kujua lipi ni lipi hana budi kunusa.

Koboko ni mji wa Wakakwa na wilaya yake ilitengwa na Arua mwaka 2005. Nje ya Uganda unajulikana zaidi kwa sababu ya Idi Amin, ambaye watu wake walitoka huko, jambo ambalo limeutia mji huo katika vitabu vingi bila kuuongezea bomba hata moja la maji. Waislamu ni wengi, na katika nyumba nyingi pombe haiingii kabisa. Ni mji wa biashara, nao una mipaka miwili. Magharibi ni Kongo, na soko la Ariwara huvuta wachuuzi wa Uganda kila wiki. Kaskazini ni Kaya ya Sudan Kusini. Mahali ambapo nchi hizo tatu hukutana huitwa Salia Musala. Katika wilaya hiyo pia iko kambi ya Lobule, inayopokea wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 2013.

Hebu sasa hakimu wa Koboko na atoe amri: fulani asikanyage baa yoyote ya wilaya kwa mwaka mmoja. Fulani huyo atapanda bodaboda, na kabla nauli haijamuuma atakuwa ameketi katika nchi ya pili, akinywa lotoko ya Kongo au bia iliyotoka Uganda ile ile kwa lori. Amri ya hakimu wa Uganda haivuki mto. Wala mkewe hatajua yuko wapi, tofauti na zamani alipoweza kumtuma mtoto kumwangalia kwenye benchi la jirani.

Kuna kipindi ambacho Uganda, bila kukusudia, iliwafungia walevi wote milango ya baa zote. Kwa ajili ya maradhi ya korona, baa zilifungwa mwezi Machi 2020, hazikufunguliwa kihalali hadi tarehe 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Pombe haikukatazwa, kilichokatazwa ni kuketi mahali pa kuinywea. Matokeo yake yalionekana kila mtaa: baa zilijiita mikahawa, pombe ikauzwa jikoni na vyumba vya kulala, na wanaume waliozoea kulewa mbele ya watu wakalewa mbele ya watoto. Kati ya tarehe 30 Machi na 28 Aprili 2020, serikali ilitangaza kuwa kesi 3,280 za ukatili wa kijinsia zilikuwa zimepelekwa polisi. Haki itendeke katika kusoma tarakimu hiyo. Wakati huo watu walikuwa wamefungiwa ndani, kazi zimesimama, fedha hakuna, na hakuna awezaye kusema kiasi gani kilitokana na baa kufungwa. Lakini mama wa nyumbani aliyeishi miezi hiyo hahitaji kuelezwa maana ya ulevi kuhamia sebuleni.

Afrika Kusini ilifanya kinyume. Mwaka huo huo wa 2020 ilikataza kuuza pombe yenyewe, ikaachia, ikakataza tena mwezi Julai. Watafiti waliochunguza wiki tano za katazo hilo la pili waliona kuwa vifo vya majeraha vilipungua kwa angalau asilimia 14. Inaonekana basi kwamba kuondoa kileo ni jambo moja, na kuondoa kiti ni jambo jingine kabisa.

Jimbo la kaskazini la Australia, Northern Territory, lilianzisha mwaka 2011 daftari la walevi waliopigwa marufuku. Mnunuzi dukani huonyesha kitambulisho, na jina lake likiwa daftarini hauziwi. Serikali mpya ilifuta daftari hilo mwaka 2012, na nyingine ikalirudisha tarehe 1 Septemba 2017. Waliofungiwa walijifunza haraka kumtuma ndugu akanunue, jambo ambalo katika ukoo mkubwa, uwe wa Australia au wa Terego, ni vigumu kulizuia.

Mfano unaotia moyo zaidi umetoka Marekani, katika jimbo la South Dakota, mwaka 2005. Huko mkosaji wa ulevi aliyerudia kosa hakufungiwa baa. Aliambiwa asinywe kabisa, naye akapimwa pumzi mara mbili kila siku, asubuhi na jioni. Akikutwa na pombe, alipelekwa jela papo hapo kwa usiku mmoja au miwili, kisha akaachwa arudi kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika maeneo yaliyofuata mpango huo, kukamatwa tena kwa kuendesha gari katika ulevi kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa ukatili wa nyumbani kwa asilimia 9. Adhabu ilikuwa ndogo lakini ilikuja bila kukosa. Kwa kawaida mahakamani huwa kinyume chake: adhabu kubwa, siku isiyojulikana.

Arua haina vifaa vya kupima pumzi kila asubuhi. Lakini inacho kitu ambacho South Dakota haina, nacho ni baraza la kijiji. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inawapa viongozi wa kijiji uwezo wa kusikiliza mashauri madogo, kuamuru fidia, kuomba radhi, kuonya na kupatanisha, bila kumpeleka mtu gerezani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaruhusu mabaraza kutunga sheria ndogo, ikiwemo za saa za kuuza pombe. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inamruhusu hakimu kutoa amri ya kumlinda mke, na ile ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inamwezesha mkosaji wa kosa dogo kufagia zahanati au kuchimba mtaro badala ya kula ugali wa gerezani. Sheria hizi zikitumiwa pamoja, mkosaji anaweza kukutana na macho ya watu kila siku, jambo lililo karibu na lile la kupimwa pumzi. Zikitumiwa moja moja, mwenyekiti anayesikiliza kesi asubuhi huonekana jioni kwenye benchi lile lile, na mamlaka yake huishia hapo.

Bunge la Uganda nalo limelijadili jambo hili. Mswada wa kudhibiti vileo, ulioletwa na Mheshimiwa Sarah Opendi, ulitaka pombe iuzwe kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku siku za kazi, kama Kenya ilivyokwisha kubana saa za baa kwa sheria yake ya mwaka 2010. Mwezi Novemba 2024 Bunge liliukataa. Waliokuwa na hoja ya kodi na ajira walishinda. Pombe ya vifuko peke yake ndiyo iliyoondolewa kabla ya hapo, mwezi Juni 2019, baada ya Tanzania kuondoa viroba mwezi Machi 2017, na hata hivyo yaliyokuwa katika kifuko yakahamia katika chupa ndogo ya plastiki.

Huko Koboko, shughuli za mpakani hupungua jua linapotua. Malori hupangwa kwenye foleni Oraba yakingoja asubuhi, wachuuzi wa Ariwara hurudi na mizigo kichwani, na waliokwenda ng'ambo kunywa huamua kurudi au kulala huko. Kizuizi cha barabarani kikiteremshwa, njia za miguu katika nyasi hubaki wazi. Wako wake ambao huomba kimoyomoyo kwamba mume avuke mapema na kizuizi kimkute upande wa pili, kwani atakayelala Kaya atarudi asubuhi na macho mekundu, akiomba uji. Wako wengine ambao mume wao anazijua zile njia za nyasi, na hao huwahamishia watoto kwa bibi yao kabla ya saa mbili.